Statini, aspirini na chembe sahani za damu

Wagonjwa wengi wanaomeza statini, dawa za kushusha kolesteroli, huuliza kama dawa hiyo, kwa kuwa nayo "hulainisha damu", inatosha kuachana na aspirini. Haitoshi, ingawa swali lenyewe lina msingi.

Chembe sahani, vijichembe vya damu vinavyoshikamana ili damu igande, hazina kiini. Mtu mzima huwa nazo 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita ya damu, na kila moja huishi siku 7 hadi 10. Kolesteroli ikizidi, utando wa chembe hizo hujaa kolesteroli hiyo. Chembe huwa nyepesi kushtuka na humwaga tromboksani A2, kemikali inayoziita nyingine zije zishikamane. Statini hushusha kolesteroli, na pia husaidia ukuta wa mshipa kutoa naitriki oksaidi, gesi inayozituliza chembe hizo.

Utulivu huo ni wa kiasi tu. Aspirini hukifunga moja kwa moja COX-1, kimeng'enya ambacho chembe hukitumia kutengeneza tromboksani A2, na chembe isiyo na kiini haiwezi kutengeneza kingine hadi inapokufa. Statini haina nguvu ya namna hiyo. Aliyewekewa stenti, kibomba cha kuuweka wazi mshipa wa damu, akiacha aspirini au klopidogreli (dawa nyingine ya kuzuia chembe kushikamana) bila kauli ya daktari kwa sababu anameza atovastatini, mojawapo ya statini, stenti inaweza kuziba.

Wanaotumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wana jambo jingine la kuangalia. Simvastatini na rosuvastatini, ambazo ni statini, pamoja na fenofibrati, dawa nyingine ya kushusha mafuta ya damu, zinaweza kuiongezea wafarini nguvu, kwa hiyo INR (kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda) ipimwe tena dawa hizo zinapoanzishwa au dozi inapobadilishwa. Fizi kuvuja damu au choo cheusi kama lami ni dalili za kuvuja damu, si mambo ya kusubiri kliniki ijayo.

Kipimo cha maabara kinachoonyesha jinsi chembe sahani zinavyoshikamana huharibika kirahisi, mara nyingi kabla damu haijafika kwenye mashine. Sehemu 9 za damu huchanganywa na sehemu 1 ya sodiamu sitreti ya asilimia 3.2, kemikali inayozuia damu kuganda, chupa ijae hadi mstari, na isiwekwe kwenye friji maana baridi huziamsha chembe. Kipimo kimalizike ndani ya saa 4. Mashine hupitisha mwanga kwenye plazima, majimaji ya damu yenye chembe hizo, ikiwa na nyuzi 37 za Selsiasi: chembe zikishikamana, mwanga hupita zaidi. Aliyetoka kula mlo wa mafuta hutoa plazima nyeupe kama maziwa, mwanga ukakwama, na majibu hayaaminiki. Njoo bila kula, na fomu iandikwe kila dawa uliyomeza siku 10 zilizopita, hata ibuprofeni ya maumivu ya kichwa.