Kubeba bakteria si kuugua

Zuonosi ni ugonjwa wa kuambukiza unaohama kati ya wanyama wenye uti wa mgongo na binadamu. Kichaa cha mbwa kimo, kimeta kimo. Maana yake ndiyo hiyo, wala haina utata. Utata unaanza pale mtu anayeshinda na farasi anapolazwa, na kila msimuliaji anakuja na sentensi ileile: "Farasi alikuwa mgonjwa, akamwambukiza." Mara nyingi farasi huyo hakuwa na ugonjwa wowote.

Mwangalie bakteria aitwaye Streptococcus zooepidemicus. Makazi yake ya kawaida ni pua na koo la farasi mzima kabisa, anayekula vizuri na kukimbia vizuri. Anakaa humo bila kumdhuru mwenyeji wake, mpaka farasi apate jeraha au adhoofishwe na mafua ya virusi. Hapo ndipo anapomgeukia. Kumhamia binadamu ni nadra, ila akishahamia hana mzaha: huweza kuingia kwenye damu, huweza kuleta homa ya uti wa mgongo. Na njia anazopitia hazina ajabu. Farasi anapiga chafya, makamasi yanabaki kwenye mkono wa anayemvisha hatamu, mkono unapanda mdomoni, au una mchubuko mdogo ambao mwenyewe hata hakuuona. Hata maziwa mabichi ya ng'ombe yamewahi kumfikisha kwa watu, bila farasi kutajwa popote.

Sasa mlinganishe na ndugu yake wa karibu, Streptococcus equi. Huyu humfanya farasi augue kwelikweli: homa, makamasi mazito, tezi za chini ya taya zinavimba hadi kupasuka na kutoa usaha. Ukimwona farasi wa namna hiyo utakimbia. Lakini bakteria huyo ni wa farasi hasa, na kumpata kwa binadamu ni nadra mno. Yaani kati ya hao ndugu wawili, anayefaa kutiliwa shaka zaidi na mtu ndiye yule anayejificha ndani ya farasi mwenye afya.

Kuna na kosa la upande wa pili, la kumbebesha farasi lawama isiyo yake. Bakteria mwingine, Rhodococcus equi, alitambuliwa mwaka 1923 katika mapafu ya watoto wa farasi huko Sweden. Kwa binadamu akaripotiwa mara ya kwanza mwaka 1967. Anaishi udongoni, anastawi kwenye kinyesi cha wanyama wanaokula nyasi, na huvutwa na pumzi pamoja na vumbi. Wanaopata nimonia yake wengi ni watu ambao kinga yao imeshuka, kwa VVU au kwa dawa za baada ya kupandikizwa kiungo, na wengi wao hawajagusa farasi. Mtoto wa farasi na mgonjwa huyo wamevuta vumbi la aina moja, basi.

Kwa hiyo "farasi alikuwa amebeba bakteria" ni kauli iliyo karibu zaidi na ukweli, pale inapothibitishwa. Na mtu wa farasi akipata homa kali na shingo ikakakamaa, amtajie daktari farasi wake mapema. Asingoje kuulizwa kama kuna mnyama anayeumwa, maana atajibu hapana, na jibu hilo litampoteza daktari.