Rangi za joto na za baridi katika uchoraji: dhana potofu na ukweli

Dhana: Rangi za joto huleta furaha, za baridi huleta huzuni.

Rangi za joto ni kama nyekundu, chungwa na manjano; za baridi ni kama buluu. Tazama kazi mbili za mchoraji Van Gogh, zote za mwaka 1888, alipokuwa Arles, kusini mwa Ufaransa. Moja ni mkahawa wa usiku: kuta nyekundu kama damu, sakafu ya manjano, taa zinawaka. Joto tupu, na bado humo hamna raha. Wateja wachache wamejiinamia mezani, na meza ya biliadi ya kijani pale katikati inazidi kuichokoza ile nyekundu. Alimwandikia mdogo wake Theo kwamba kwa nyekundu na kijani alitaka kuonyesha hisia za kutisha za binadamu. Nyingine ni chumba chake cha kulala. Kuta zake ni za rangi ya baridi, na alichokusudia ni mapumziko.

Nyekundu iliyokolea husisimua, lakini msisimko unaweza kuwa shangwe au hofu. Buluu iliyopoa hutuliza, na utulivu unaweza kuwa amani au upweke. Picha yenyewe ndiyo inayoamua. Buluu ya mchoraji Picasso katika picha zake za 1901 hadi 1904 inaliza kwa sababu imewafunika watu waliokonda, vichwa chini, wasio na mbele wala nyuma. Ipake buluu hiyohiyo kwenye bahari iliyotulia uone kama kuna atakayehuzunika.

Dhana: Tunachokiona leo ndicho alichokipaka msanii.

Si lazima. Kuta za kile chumba cha kulala cha Van Gogh zilikuwa zambarau hafifu. Wekundu uliochanganywa humo umepauka, ndiyo maana sasa tunaziona buluu.

Dhana: Kila rangi ina joto lake la kudumu.

Hili ndilo linalowapotosha wanafunzi wengi wa uchoraji. Mkemia Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi nyuzi katika karakana ya ufumaji ya Gobelins, Paris, alieleza mwaka 1839 jinsi rangi inavyogeuzwa na jirani yake. Jaribu mwenyewe: kata vipande viwili vya karatasi moja ya kijivu, kimoja ukiweke juu ya rangi ya chungwa, kingine juu ya buluu. Cha kwanza kitaonekana kimepoa, cha pili kitapata joto kidogo. Zambarau ndiyo kigeugeu kuliko zote. Kando ya nyekundu ni baridi, kando ya buluu ni joto. Kwa hiyo sehemu ya picha ikionekana imepoa mno, kabla ya kuongeza nyekundu, jaribu kwanza kupunguza makali ya rangi za joto zinazoizunguka.