Je, wajua? Kipanya cha kompyuta ni kamera, na roboti inaweza kukiazima

Kigeuze kipanya chako kichwa chini, miguu juu. Kwenye vipanya vingi utaona taa nyekundu na, pembeni yake, kilenzi kidogo cha plastiki. Taa ile inafanya nini?

Mimi jibu nilikuwa nalo siku nyingi, na nililitoa bila kusita mbele ya wanafunzi wanane wa sekondari hapa Dar es Salaam, Jumamosi moja tukiwa tumezunguka meza iliyojaa nyaya. Taa inamulika meza, nikasema, mwanga unagonga na kurudi, kipanya kinapima ule unaorudi na kujua kimesogea kiasi gani. Kama popo anavyosikiliza sauti yake ikigonga ukuta. Wanafunzi wakaandika. Jibu lilikuwa tamu, lenye mfano ndani yake, na lilikuwa na kasoro moja tu: si kweli.

Kilichotufikisha kwenye vipanya ni roboti yenye matairi mawili ambayo ilitakiwa kwenda mita mbili na kusimama. Matairi yalikuwa na enkoda, yaani kifaa kinachohesabu mizunguko, na kila mara enkoda ziliapa kwamba mita mbili zimetimia. Tepu ya fundi ilisema mita moja na themanini na kitu. Enkoda hazikuwa zinadanganya. Tairi lilizunguka kweli, ila lilizunguka juu ya vumbi la mchanga, ule mchanga wa Dar unaoingia ndani hata ukifunga dirisha. Tairi likiteleza, enkoda inahesabu mwendo ambao haukutokea. Tatizo hili limewasumbua wakubwa pia: mwaka 2005 roboti ya Marekani iitwayo Opportunity ilikwama wiki kadhaa kwenye tuta la mchanga huko Mars, matairi yakizunguka na yenyewe haisogei. Ilikuwa na njia ya pili ya kujipima, kupiga picha za ardhi na kuzilinganisha. Shikilia hapo, tutarudi.

Tukakubaliana tutafute kitu kinachotazama sakafu yenyewe badala ya kuuliza matairi. Kipanya cha mtumba Kariakoo ni bei ya chipsi mayai, basi tukanunua vitano. (Watu wa umri wangu wakisikia neno "vipanya" hukumbuka kwanza zile Hiace za abiria. Wanafunzi hawakuelewa nilichokuwa nacheka.)

Wakati tunavijaribu, binti mmoja wa kidato cha pili akaweka kipanya juu ya kioo cha kujitazama, akakisukuma. Mshale kwenye skrini ulitulia tuli.

"Mwalimu, si ulisema kinapima mwanga unaorudi? Kioo si ndiyo kinarudisha mwingi zaidi?"

Nikamwambia subiri kidogo. Kidogo hicho kilichukua hadi Jumanne.

Alikuwa sahihi kabisa, na kadiri nilivyofikiri ndivyo nadharia yangu ya popo ilivyozidi kubomoka. Popo anajua ukuta unakaribia kwa sababu ukuta unakaribia kweli, umbali unapungua. Kipanya kinatambaa juu ya meza, na umbali kati ya taa na meza haubadiliki hata unywele ukisukuma kutwa nzima. Hata kikipima umbali huo kwa ustadi wa ajabu, kitapata jibu lile lile: meza ipo hapa, meza ipo hapa, meza ipo hapa.

Halafu kuna suala la muda. Katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, mwanga husafiri karibu sentimita 30. Safari ya kutoka kwenye taa hadi mezani na kurudi ni ya sentimita chache tu. Kifaa cha kupima muda mfupi kiasi hicho kipo duniani, ila hakiuzwi kwa bei ya chipsi mayai.

Nilijaribu kujiokoa kwa njia ya mwisho: labda kinapima ukali wa mwanga, si muda wake. Nikachukua karatasi nyeupe, nikapaka nusu yake wino mweusi, nikavusha kipanya mpakani. Kama kingekuwa kinasoma ukali, mshale ungeruka pale weupe unapoishia. Haukuruka. Kisha nikashikilia kipanya kisitikisike na kuvuta karatasi chini yake, na mshale ukatembea vizuri tu upande wa pili. Kipanya hakijui nani anasogea. Kinajua tu kwamba kilichopo mbele yake si kile kilichokuwepo punde.

Haki ya popo niitaje: Philips waliwahi kutengeneza kihisio cha leza kiitwacho Twin-Eye ambacho kweli hutumia mabadiliko ya mawimbi ya mwanga unaorudi, na kilifungwa kwenye baadhi ya vipanya vya wacheza gemu. Kwa hiyo nilikuwa sahihi kuhusu vipanya ambavyo sijawahi kuvishika. Vipanya vingi vinavyoitwa vya leza, hata hivyo, hufanya kazi kama ndugu zao wa taa nyekundu. Kilichobadilika ni taa tu.

Jibu lenyewe ni kwamba nyuma ya kile kilenzi kuna kamera. Ni kamera duni kuliko zote utakazokutana nazo. Kwenye chipu ya ADNS-2610 ya kampuni ya Agilent, iliyotumika sana kwenye vipanya vya zamani, picha ina pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha, 18 kwa 18, jumla 324, na haina rangi. Simu yako ina mamilioni. Lakini kamera hii hupiga picha 1,500 kila sekunde, na kila picha inalinganishwa na iliyotangulia, njia ile ile ya pili ya roboti ya Mars.

Kulinganisha kwenyewe kunafanyikaje? Chukua ubao wa bao. Wa kawaida una mashimo 32; wetu uwe na 324, kumi na nane kila upande. Kila shimo lina kete kati ya 0 na 63: shimo lenye kete nyingi ni mahali penye mwanga, lenye chache ni penye kivuli. Huo ubao mmoja ndiyo picha moja.

Tutazame mashimo sita tu ya mstari mmoja. Picha ya kwanza inasoma 5, 2, 9, 1, 7, 3. Picha inayofuata inasoma 2, 9, 1, 7, 3, 8. Ukilinganisha shimo kwa shimo kama yalivyo, tofauti ni 3, 7, 8, 6, 4 na 5, jumla 33. Hazifanani. Sasa sogeza ubao wa pili shimo moja kulia, ili 2 ikae juu ya 2, 9 juu ya 9. Tofauti zote zinakuwa sifuri. Isogeze upande wa kushoto badala yake na unapata 10. Msogeo uliotoa tofauti ndogo kuliko yote ndiyo jibu: sakafu imehama shimo moja. Ile 8 iliyojitokeza mwishoni ni mgeni, kipande cha sakafu kilichoingia tu kwenye dirisha.

Chipu inafanya hivyo kwenda mbele, nyuma, kulia, kushoto na mshazari, kisha inasahau picha ya zamani na kuanza upya. Nyaraka za chipu hazianiki hesabu yote hatua kwa hatua, kwa hiyo uuchukue mfano wa bao kama wazo, si kama ramani ya ndani. Ila angalia kisichohitajika: chipu haijui kama inatazama mbao, saruji au suruali yako. Haitambui kitu chochote. Inahitaji tu kete zisilingane kwenye mashimo yote.

Na hapo ndipo kioo kinapokwama. Kioo safi kinatoa ubao wenye kete sawa kila shimo, tuseme 40, 40, 40, 40. Usogeze utakavyo, tofauti ni sifuri kila mahali, na chipu haina cha kuchagua.

Kasi ya picha nayo ina sababu. Dirisha la kamera linaona kama milimita moja tu ya sakafu. Roboti ikienda sentimita 30 kwa sekunde, kati ya picha na picha inasogea milimita 0.2, hivyo sehemu kubwa ya picha ya zamani bado imo kwenye mpya. Chipu hii imetajwa kuhimili takriban kasi hiyo. Ukizidi sana, picha mbili zinakuwa hazina sehemu ya kutosha inayofanana, na ubao wa pili unakuwa wa mchezo mwingine.

Taa je? Taa imewekwa kwa pembe, ikimulika kutoka ubavuni. Nenda Coco Beach saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa limetoka tu baharini: kila wayo una kivuli, kila punje ya mchanga inaonekana. Rudi saa sita mchana, mchanga ule ule unaonekana kama shuka lililopigwa pasi. Taa ya kipanya ni jua la asubuhi lisilopanda. Kwa hilo karatasi unayoiona nyeupe tupu inageuka kuwa nchi ya milima.

Historia naipitia mbio. Kipanya cha kwanza, cha Douglas Engelbart mwaka 1964, kilikuwa cha mbao na kilitembea kwa vigurudumu viwili. Baadaye ukaja ule mpira tuliokuwa tukiutoa na kuukwangua uchafu. Mwaka 1980 Richard Lyon wa Xerox na Steve Kirsch wa MIT, kila mmoja kivyake, walitengeneza vipanya vya mwanga, lakini vilihitaji kibao chenye michoro maalumu. Vinavyotembea popote viliingia sokoni kwa kishindo mwaka 1999, Microsoft walipotoa IntelliMouse Explorer.

Sasa roboti. Kati ya vipanya vyetu vitano, vitatu havikufaa, kwa sababu kamera na sehemu inayoongea na kompyuta kwa USB vilikuwa kwenye chipu moja na hakuna pa kuingilia. Viwili vya zamani vilikuwa na chipu ya kamera peke yake. Hapo unachomelea nyaya nne kwenda kwenye Arduino, kile kibao kidogo cha kompyuta kinachoendesha roboti: umeme, ardhi (waya wa kurudisha umeme), na mbili za mazungumzo. Arduino inauliza, "Tangu nilipokuuliza, umesogea hatua ngapi mbele, ngapi pembeni?" Chipu inajibu na kurudisha hesabu kwenye sifuri. Kila hatua ni sehemu ya 400 ya inchi, yaani milimita 0.0635. Ila namba yake haiwezi kuzidi 127, sawa na milimita 8 tu, na kwa kasi ya sentimita 30 milimita hizo huisha ndani ya sekunde 0.027. Ukichelewa kuuliza, hatua zinapotea. Sisi tuliuliza mara mia kwa sekunde.

Tulikosea tena kwenye mahali pa kukifunga. Tulikiweka katikati kabisa ya roboti, kati ya matairi mawili, kwa sababu katikati panaonekana pa heshima. Roboti ikazunguka robo duara, kipanya kikaripoti karibu sifuri. Ni kama chapati inayozungushwa kwenye kikaango: ukingo unasafiri, kitovu kipo pale pale. Tukakihamisha sentimita 10 mbele ya mstari wa matairi. Robo duara ile ile sasa inakipitisha pembeni sentimita 15.7, hatua karibu 2,470, na hivyo kipanya kimoja kinatoa mwendo wa mbele na kugeuka kwa pamoja. Hesabu hiyo inasimama mradi roboti haitelezi kiubavu. Ikiteleza, unahitaji kipanya cha pili.

Kikwazo kilichobaki ni kimo. Kilenzi kinataka sakafu iwe milimita 2.4 chini yake, na uvumilivu wake ni sehemu ya kumi ya milimita kila upande. Roboti ikipanda ungio la marumaru, picha inaingia ukungu. Wanaorusha droni walilitatua kwa chipu ya ukoo huo huo, ADNS-3080, kwa kuipa lenzi ya kuona mbali. Sisi tuliacha kipanya kikae kwenye soli zake chenyewe, tukakiunga na roboti kwa kipande cha bomba la ndani la baiskeli ili kiburuzwe kikipanda na kushuka kivyake.

Kwenye saruji kinafanya kazi vizuri. Kwenye marumaru nyeupe zinazong'aa kinapoteza hatua, zaidi kama zimetoka kupigwa deki. Usiiamini pia ile 400, hatua kwa kila inchi. Sukuma roboti kwa mkono kando ya tepu, mita mbili kamili, na uone inasoma ngapi. Kinadharia ni hatua 31,496. Sakafu ya darasa letu ilitoa pungufu, na namba hiyo pungufu ndiyo tuliyoiandika kwenye programu.

Chipu ile pia hukubali kutoa picha yenyewe, pikseli moja moja, taratibu sana. Yule binti akatandika noti ya shilingi elfu kumi chini ya kipanya ili amwone tembo. Zikaja pikseli 324 za kijivu, na ndani yake mistari miwili ya wino iliyopinda. Akaisogeza noti, ikaja mistari mingine miwili. Tulipofunga mlango saa kumi na moja alikuwa bado anatafuta sikio.