Mkataba ulisema "wanawake": dhana potofu kuhusu ulinzi kazini na majaji wa kimataifa

Dhana: Ulinzi wa mwanamke kazini uliandikwa kwa ajili ya vibarua wa kiwandani tu, bosi wa kike haumhusu.

Swali hili lilishafika mahakamani. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha mkataba wa kukataza wanawake kufanya kazi viwandani usiku. Usiku wenyewe ulipimwa: muda usiopungua saa 11 mfululizo, ndani yake kikiwemo kipindi cha saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri. Walioachwa nje ni viwanda vinavyoajiri watu wa familia moja pekee. Baadaye ubishi ukazuka: je, mwanamke anayesimamia wenzake, ambaye kwa kawaida hafanyi kazi za mikono, naye amekatazwa?

Tarehe 15 Novemba 1932, Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa, The Hague, ilijibu kwa kura 6 dhidi ya 5: naye yumo. Mkataba ulisema "wanawake" bila kuwagawa kwa vyeo, na kule kuwa kwake mkataba wa kazi si sababu ya kuusoma kama unawahusu wa kazi za mikono tu. Aliyeona jibu hilo ni gumu alikuwa na njia moja, kurudi kwa waliotunga. Ndivyo ilivyokuwa: mwaka 1934 ILO ilipitisha mkataba mpya uliowatoa wanawake wenye madaraka ya uongozi. Kwangu mimi, huo ndio uhuru wa mahakama ukiwa kazini. Maneno yalibadilishwa na wenye mamlaka ya kuyabadilisha, majaji hawakulazimishwa kuyasoma upya.

Dhana: Makatazo yakiwa mengi, mwanamke yuko salama zaidi.

Hapa nina ubishi na wanaharakati wenzangu kadhaa. Marufuku ya usiku ilimkinga mwanamke, ila pia ilimfungia mlango wa zamu ambazo mwanamume aliziingia bila kuulizwa. Nchini Ufaransa, meneja mmoja wa kiwanda alishtakiwa kwa kuwapangia wanawake 77 kazi ya usiku. Mwaka 1991 Mahakama ya Haki ya Ulaya, iliyoko Luxembourg, ikaamua kwamba nchi mwanachama wa Jumuiya ya Ulaya haiwezi kuwazuia wanawake pekee kazi hiyo wakati wanaume wanaruhusiwa. Mwaka mmoja kabla yake, ILO ilikuwa imeshapitisha mkataba wa kuwalinda wafanyakazi wa usiku, wawe wanawake au wanaume.

Uzazi ni jambo jingine. Mkataba wa ILO wa mwaka 2000 unataka likizo isiyopungua wiki 14. Mama akifukuzwa wakati wa ujauzito au likizo, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba sababu haihusiani na uzazi. Lakini unazibana nchi zilizouridhia tu.

Dhana: Kumnyima mjamzito kazi si ubaguzi iwapo hakuna mwanamume aliyeomba.

Ni ubaguzi. Nchini Uholanzi, mwombaji aliyeonekana kufaa kuliko wote alikataliwa kwa kuwa ana mimba, na mwajiri akajitetea kwamba bima haitamrudishia fedha za likizo. Mwaka 1990 mahakama hiyohiyo ya Luxembourg ilisema mwanamke peke yake ndiye anayeweza kukataliwa kwa sababu hiyo, kwa hiyo huhitaji mwanamume wa kumlinganisha naye.

Dhana: Jaji wa kimataifa hupiga kura upande wa nchi yake.

Wapo wanaofanya hivyo, sitadanganya, na kuchaguliwa kwao hupita kwenye siasa za Umoja wa Mataifa. Ila mwaka 1952, katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyorithi nafasi ya ile Mahakama ya Kudumu ya The Hague, kwenye kesi ya Uingereza dhidi ya Iran kuhusu mafuta, jaji Mwingereza Arnold McNair aliungana na walioamua kwamba mahakama haina mamlaka ya kuisikiliza, na nchi yake ikashindwa. Mfumo wa mahakama hiyo unampa jaji nafasi ya kufanya hivyo: muhula wa miaka 9, mshahara usiopunguzwa akiwa kazini, na kuondolewa kwa kauli moja ya majaji wenzake tu. Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, imekwenda mbali zaidi: jaji hasikilizi kesi inayoihusu nchi yake.

Dhana: Ukifukuzwa kazi, unaweza kwenda kushtaki The Hague.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki husikiliza kesi za nchi kwa nchi. Mfanyakazi huanzia mahakama za kwao. Mhudumu wa ndege Gabrielle Defrenne alianzia Ubelgiji, akidai mshahara sawa na wa wanaume waliofanya kazi ileile. Swali likapelekwa Luxembourg, na mwaka 1976 majaji wakasema haki ya malipo sawa inadaiwa moja kwa moja mahakamani. Serikali za Uingereza na Ireland zililia gharama, na katika hilo zilisikilizwa: malimbikizo ya nyuma yangedaiwa na wale tu waliokwisha kufungua kesi au madai kabla ya siku ya hukumu.