Kabati la Vitabu la Kujitengenezea: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kabati la vitabu huhesabiwa kuwa kazi nyepesi ya useremala: mbao mbili za wima, rafu chache kati yake na kipande cha plaiwudi nyuma. Wepesi huo umezaa dhana kadhaa potofu, nyingi zikitokana na kusahau kwamba vitabu ni mzigo mzito unaokaa mahali pamoja kwa miaka.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba rafu ikipinda katikati, lawama ni ya ubao dhaifu, na dawa yake ni kununua mbao ngumu za bei kubwa. Aina ya mbao ina nafasi yake, lakini urefu na unene wa rafu ndivyo vinavyoamua zaidi. Mita moja ya rafu iliyojaa vitabu hubeba takriban kilo 25 hadi 35. Rafu iliyojaa hivyo mwanzo hadi mwisho ikirefushwa maradufu bila kuongezwa unene, mpindo wake hauzidi mara mbili bali mara 16. Unene nao ukiongezwa maradufu, mpindo hupungua hadi kuwa thumuni ya ule wa awali. Ndiyo maana ubao wa kawaida wa milimita 18 hufaa kwa rafu isiyozidi sentimita 75 au 80, na chipubodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa, ambayo ni dhaifu zaidi, isivuke 60. Anayetaka rafu ndefu na aweke kizigeu cha wima katikati, au agandishe kwa gundi ufito wa kimo cha sentimita 4 chini ya ukingo wa mbele. Wala asiridhike na unyoofu wa siku ya kwanza, kwa maana mbao zilizolemewa huendelea kulegea polepole hata pasipoongezwa kitabu kimoja.

Wengine huamini kwamba wingi wa misumari ndio uimara. Msumari unaopita ubavu wa kabati na kuingia kwenye kichwa cha rafu huzama sambamba na nyuzi za ubao, hivyo hushika kidogo, na misumari ikizidi ubao hupasuka. Hata gundi haishiki vizuri hapo, kwa kuwa vinyweleo vya nyuzi zilizokatwa huifyonza. Lililo bora ni kuchonga mtaro wa kina cha milimita 6 hivi katika kila ubavu, ili rafu iketi ndani yake na uzito ubebwe na mbao zenyewe, huku gundi na skrubu zikizuia tu isichomoke. Mtaro huo huchongeka kwa msumeno wa mkono na patasi yenye makali. Madai kwamba kazi hii haiwezekani bila mashine hayana msingi.

Kipande cha nyuma nacho hudhaniwa kuwa pambo la kuficha ukuta. Kwa maoni yangu hicho ndicho kiungo kinachodharauliwa kuliko vyote, kwani bila yake kabati huyumba kushoto na kulia mpaka maungio yalegee. Plaiwudi ya milimita 4 hadi 6, ikitiwa gundi na kupigiliwa pande zote nne, huizuia kabisa hali hiyo. Kabla ya kuipigilia, pima umbali wa kona hadi kona kwa njia zote mbili. Vipimo visipolingana, sukuma fremu mpaka vilingane, kwa sababu guniya, kifaa cha kupimia pembe mraba, peke yake haionyeshi vizuri kosa dogo katika umbo kubwa.

Si kweli pia kwamba mbao zikishakauka hazibadiliki. Upana wake huongezeka na kupungua kwa kufuata unyevu wa hewa, ilhali urefu haubadiliki sana. Plaiwudi hutulia zaidi kwa kuwa matabaka yake yamepishanishwa. Kwa sababu hiyo vanishi hupakwa pande zote mbili za ubao, hata upande usioonekana, ili usipinde.

Mwisho, wapo wanaosema kabati zito haliwezi kuanguka. Mtoto akipanda rafu, au milango mizito ikifunguliwa pamoja, uzito husogea mbele na kabati likapinduka. Vitabu vizito vipangwe chini, na sehemu ya juu ifungwe ukutani kwa vyuma vya pembe, skrubu zikiingia kwenye ukuta wenyewe wala si kwenye plasta tu.