Modeli ya kompyuta ya sakafu ya nyonga kwa wazee, ni kitu gani hasa?

Tuanze na mwili kwanza mana bila ya mwili hiyo kompyuta haina kazi hapa. Chini kabisa ya kiwiliwili, kutoka mfupa wa kinena mbele mpaka kifandugu nyuma, kuna misuli na nyuzi zimetandwa, ndo sakafu ya nyonga hiyo, na juu yake kimekaa kibofu, kizazi kwa wanawake, na utumbo wa mwisho. Chukua kitanda cha kamba, kikiwa kipya kinakubeba vizuri tu, miaka ikenda kamba zinalegea katikati panabonyea, na pengine kamba ishakatika pale kwenye tendegu na hujui mpaka ulalie. Misuli hii umri unaipunguza nyama na nguvu, kwa wanawake hedhi ikishakatika estrojeni, ile homoni ya kike, inashuka na nyuzi zinapoteza uimara, hapo ongeza uzazi wa watoto sita saba, kikohozi kisichopona, choo kigumu cha miaka.

Matokeo yake tunayajua sote ila hayasemwi. Bi mkubwa anapiga chafya, mkojo unamtoka, udhu umeondoka, mwisho tarawehe anasali nyumbani kwa haya. Au kizazi kinashuka mpaka kinatokeza nje. Na wanaume wasicheke, waulizeni waliofanyiwa opresheni ya tezi dume.

Haya, modeli sasa. Mtu anapigwa MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili kwa sumaku, zile picha zinachorwa moja moja, huu msuli, hiki kibofu, huu mfupa, mpaka programu inajenga umbo zima la nyonga ndani ya kompyuta. Umbo hilo linakatwa vipande vidogo vidogo, maelfu, vinaitwa elementi, na kila kipande kinapewa tabia yake, kinavutika kiasi gani na kigumu kiasi gani, mifupa inafungwa isisogee, halafu presha ya tumbo, yaani msukumo wa ndani ya tumbo, inakandamiza kutoka juu na kompyuta inapiga hesabu kila kipande kimekwenda wapi na kimebeba mzigo gani. Hesabu hizi asili yake ni kwa mainjinia wa ndege, jina la elementi alilitoa Ray Clough mwaka 1960, kwa hiyo msishangae kukuta injinia na daktari wa kina mama wanafanya kazi pamoja.

Faida yake ni kuuliza suali ambalo kwa mtu hai huwezi. Mfano mama wa Jambiani, Zanzibar, anaefanya kazi ya mwani, amejitwika gunia bichi linachuruzika maji, presha ya tumbo imepanda. Kwenye kompyuta unambakisha mama yule yule na presha ile ile, unabadilisha kitu kimoja tu, msuli wa upande mmoja umechomoka kwenye mfupa wa kinena, kisha unaangalia kibofu kimeshuka wapi. Nani utamchomoa msuli ili ujaribu? Na kuchomoka huko kunatokea kweli, wakati wa kuzaa. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani walitengeneza modeli ya kujifungua wakakuta sehemu ya msuli iliyo karibu zaidi na njia ya uzazi inavutika mara 3.26 ya urefu wake. Jeraha la siku hiyo shida yake inaweza kuja kuonekana mama ashakuwa na wajukuu.

Lakini modeli inajibu kwa namba ulizoilisha, na kwa wazee hapo ndo pagumu. Namba za ugumu wa nyuzi nyingi zimetoka kwenye maiti au wanyama. MRI kwa kawaida unapigwa umelala na mkojo unatoka umesimama. Msuli hai nao unajikaza wenyewe kabla kikohozi hakijatoka, na modeli nyingi zinauchukulia kama mpira tu. Mimi kwa hilo picha za rangi nyekundu na buluu zinazotolewa na kompyuta hazinibabaishi, nauliza kwanza namba zimetoka kwa nani.

Kwa hiyo si kipimo cha kwenda kuomba hospitali. Iko nyuma huko kwa wanaotengeneza vifaa, kwa mfano pete ya kushikilia kizazi, au ile neti ya plastiki ya kushonewa ndani, ambayo Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamuru isiuzwe tena kwa kutiwa kupitia ukeni kutibu kushuka kwa viungo hivi. Vitu hivyo ni bora vivute na kukata ndani ya kompyuta kwanza kuliko ndani ya mtu.

Nyumbani bado ni mazoezi yale ya kukaza misuli hii, aliyoyaandikia daktari Arnold Kegel mwaka 1948. Kaza kama unazuia ushuzi, pumzi usiibane, hesabu mpaka tano, achia kabisa, anza tena. Kama unakaza na huhisi kitu, nenda kwa mtu wa fiziotherapia akuangalie.