Kitambua moshi si cha jikoni

"Moto huanzia jikoni, basi kifungwe jikoni."

Nami niliamini hivyo, nikakifunga kitambua moshi chetu juu ya jiko la gesi. Siku ya kwanza ya kukaanga samaki kililia mpaka jirani akaja kugonga. Zikafuata chapati, kikalia tena. Mara ya tatu mtu akapanda kiti, akachomoa betri, zikaishia kwenye saa ya ukutani. Miezi minne tulilala chini ya kiduara cheupe kisichosema kitu.

Kifaa hiki hakijui kutofautisha nyumba inayoungua na mafuta yaliyopata moto kupita kiasi. Viwango vya Marekani hukitaka kikae walau mita 3 kutoka kwenye jiko la kupikia. Jikoni weka kitambua joto, ambacho moshi haukishughulishi. Chenyewe hulia joto la darini likikaribia nyuzi 60. Ila usikipeleke chumbani ukidhani ni kilekile. Godoro likishika cheche huweza kufuka muda mrefu, chumba kikajaa moshi wa sumu, na darini joto bado halijafika huko.

"Kimoja sebuleni kinatosha."

Labda kama mnalala sebuleni. Kinatakiwa chumbani, kwenye korido ya vyumba, na kila ghorofa. Scotland, tangu Februari 2022, sheria inataka kila nyumba iwe na kitambua moshi sebuleni na kwenye kila korido na ngazi, na kitambua joto jikoni, vyote vimeunganishwa: cha jikoni kikilia, na cha mlangoni kwa watoto kinalia. Kwangu mimi, huko kuunganishwa ndiko kwenye maana kubwa.

"Harufu itaniamsha."

Haiamshi. Ukilala, pua nayo imelala, na hewa ya sumu iliyomo kwenye moshi hukuzamisha zaidi usingizini.

"Popote darini ni sawa."

Darini ndiyo, kwa kuwa moshi hupanda. Lakini ukikibana kwenye kona ya dari na ukuta, moshi huchelewa kufika. Acha kama sentimita 30. Pangaboi nalo huupeperusha moshi, kwa hiyo kiweke mbali na ncha za mapanga yake, sentimita 90 hivi.

"Kinakinga pia mkaa na gesi."

Jiko la mkaa lililoingizwa ndani usiku wa baridi linaweza kuua bila moshi wa kuonekana. Hewa yake ya sumu haina harufu, na ina kitambuzi chake. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, hivyo kitambuzi chake hufungwa chini, karibu na sakafu.

"Kikishafungwa, kimefungwa."

Bonyeza kitufe cha majaribio kila mwezi. Maisha yake ni miaka 10, na tarehe huandikwa mgongoni. Chetu tulikinunua mtumba. Nilipokishusha ili nikihamishie koridoni, nikakigeuza: 2009.